Mfiwa Haruhusiwi Kununa

Nchi yenyewe siitaji. Ukinibana sana niseme iko wapi, nitakuonyesha kwa kidevu tu, maana ulimi wangu bado una watoto wa kulea. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri, ina mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na serikali yake inawapenda wananchi kuliko wanavyojipenda wenyewe. Wakizaliwa inawaandika, wakikua inawahesabu, na wakifa ndiyo kabisa, haiwaachi hata kidogo.

Sasa katika nchi hiyo watu wa Mlima na watu wa Bonde ni watani tangu zama za mababu. Akifa mtu wa Bonde, watu wa Mlima huja mbio na majembe. Hao ndio wanaochimba kaburi, wanaochota maji, wanaopika. Na wakati huohuo ndio wanaofanya vituko. Mmoja atavaa koti la marehemu atembee kama alivyotembea, mwingine atamsema marehemu kwa uchoyo wake, mwingine ataficha kiatu cha mjane mpaka apewe kuku. Lazima pia awepo mmoja wa kushuka kaburini, ajilaze chali, aape kwamba hatoki mpaka akombolewe. Mfiwa hatakiwi kukasirika. Na kweli hakasiriki, maana katikati ya kilio anajikuta anacheka, na kicheko hicho kinamfikisha kesho yake.

Serikali ikalitazama jambo hili, ikalipenda, ikalichukua. Bunge lilipitisha Sheria ya Utani wa Taifa kwa makofi ya kusimama. Kuanzia siku hiyo Serikali ndiyo ikawa Mtani wa wananchi wote, wa Mlima na wa Bonde, walio hai na waliotangulia. Gharama zote za mazishi zingebebwa na Mtani huyo: mochwari, sanduku, gari, turubai, mpaka sukari ya chai. Mwananchi atakayejilipia msiba wake mwenyewe, au atakayepitisha daftari la mchango kwa majirani, atakuwa amemdhalilisha Mtani na atakwenda ndani miezi sita. Watani wa kienyeji wasio na kibali wakae kando. Na kifungu cha tisa, ambacho watoto wa shule walifundishwa kwa wimbo, kilisema: asinune mtu. Mfiwa akinuna, fomu yake inafutwa. Afisa akinuna, anapoteza cheo, nyumba na kiinua mgongo. Sheria haikuwa na upendeleo, na waliopiga makofi walilisifu sana jambo hilo.

Vituko vyote vya utani viliingizwa kwenye sheria, hakikuachwa hata kimoja. Majembe tu ndiyo yaliyosahauliwa, lakini jamani, nani asiyesahau?

*

Leokadia alikuwa mshona magodoro wa Mtaa wa Mabomba, unaoitwa hivyo kwa sababu mabomba yalikuwa yaje. Mumewe, Nestori, aliichimbia Idara ya Maji mitaro kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu mfupi, asiye na masharubu, mwenye mwanya na mguu wa kushoto wa kuburuta kidogo, na alikuwa hodari wa jembe kiasi kwamba pande za mtaro wake zilisimama kama zimekatwa kwa kisu. Mtaro wake mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa nyuma ya kilima, wa kilomita tisa. Maji hayakuja. Serikali, ambayo haipendi kitu kiharibike bure, ikaugeuza mtaro kuwa Shimo la Taifa. Maiti ikikaa mochwari siku kumi na nne bila karatasi za kuitoa, inapelekwa kule, inalazwa kwa mstari na wenzake, inapewa namba.

Kwa hiyo Nestori alipoanza kuumwa, alimshika mkewe mkono.

"Kadia," akasema, "usiniache nikapelekwa kule."

"Kule wapi? Wewe unapona."

"Naujua mtaro ule, niliuchimba mwenyewe. Hauna kivuli na hauna mwisho. Maisha yangu yote nimechimba mashimo ya watu wengine. Nipeni moja la kwangu peke yangu, pale Bonde, kando ya mama. Si jambo kubwa."

"Si jambo kubwa, mume wangu. Nakuahidi."

Alifariki Jumatatu asubuhi katika hospitali ya wilaya, kabla ya chai. Siku kumi na nne zikaanza kuhesabiwa, na Leokadia aliagwa kwenye lango la hospitali kwa karatasi ya manjano iliyoandikwa tarehe ya mwisho kwa wino mwekundu.

Kesho yake alikuja Pangrasi. Huyu Pangrasi ni mtu wa Mlima, fundi wa kuziba sufuria, na mtani wa Nestori tangu ujana. Hakubisha hodi. Aliingia uani na jembe begani, akipiga kelele.

"Yuko wapi yule mfupi? Amekufa makusudi! Alijua wiki hii ni zamu yake ya kunipikia ugali!"

Akaitungua kofia ya Nestori iliyokuwa imetundikwa ukutani, akaivaa, akazunguka uani kwa hatua fupi fupi, mguu wa kushoto ukiburuta. Akapiga jembe chini mara mbili, akainua kidole.

"Maji yanakuja, jamani! Tandazeni ndoo!"

Ndivyo Nestori alivyokuwa akisema kila jioni kwa miaka ishirini na sita. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka walilia na kucheka kwa pamoja, na Leokadia naye alicheka huku kamasi zinamtoka, akasikia kifua kimepata nafasi ya kuvuta pumzi. Hapohapo akaingia mtendaji wa mtaa na mgambo wawili.

"Nani amekufa hapa?" akauliza mtendaji.

"Nestori," watu wakajibu.

"Na huyu anayefanya utani ana kibali?"

Pangrasi alicheka akidhani na huyo ni mtani. Wakamchukua na kofia kichwani. Jembe lilikamatwa kama kielelezo.

*

Ofisi ya Utani ya Wilaya ilikuwa na maandishi mlangoni: KARIBU MFIWA, TABASAMU. Ndani alikaa karani mmoja, Wilbroda, mwanamke mwembamba ambaye hakuwahi kusema uongo wala kuruka mstari wa fomu. Kila baada ya muda aliinua macho, akautazama uso wa mfiwa, akaandika kitu. Nyuma yake, kwenye meza pana kama kitanda cha wageni, alikaa Afisa Utani wa Wilaya, Mheshimiwa Kasiani. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu mazito na jino la dhahabu juu upande wa kulia, ambalo hakulionea aibu.

"Pole sana, mama," alisema Kasiani. "Serikali imelia. Mimi mwenyewe nimelia, muulize karani. Umeleta cheti cha kifo?"

Leokadia akampa. Kasiani alikisoma, akakiinua kwenye mwanga, akakitia mfuko wa ndani wa koti lake, kisha akaonyesha viganja vitupu.

"Haya. Cheti kiko wapi?"

"Kiko mfukoni mwako, Mheshimiwa."

"Mfukoni? Mimi sina hata mfuko!" Akacheka. Makarani wa chumba cha pili nao wakacheka, mara tatu, wakaacha kwa pamoja. "Karani, andika: mfiwa amefika bila cheti."

Leokadia alisikia damu ikimpanda masikioni. Wilbroda akainua kalamu.

"Mama, umenuna?"

"Sijanuna."

"Hajanuna," Wilbroda akaandika, "ila hajacheka."

"Usiogope, mama," Kasiani akasema kwa upole. "Huu ni utani tu. Kwa mila zetu, mtani akificha kitu unamkomboa. Niletee kuku, cheti kitajitokeza chenyewe."

Alimpeleka kuku kesho yake, tetea wake wa pekee, mwekundu, anayetaga. Akaambiwa kuku wa serikali hapokelewi bila barua ya daktari wa mifugo. Daktari wa mifugo alikuwa kwenye semina ya utani. Alirudi baada ya siku nne, akamkagua kuku, akasema mzima lakini amechoka kwa safari, apumzishwe siku mbili. Leokadia alimpumzisha kuku. Yeye mwenyewe hakulala vizuri hata usiku mmoja, maana kila akifumba macho aliiona ile tarehe ya wino mwekundu.

Siku ya tisa cheti kilijitokeza, kikiwa na alama ya kikombe cha chai katikati ya jina la Nestori. Kasiani alikikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, na harufu ya supu ya kuku ilikuwa bado haijatoka ofisini.

"Sasa umebaki ukaguzi," akasema. "Lazima Serikali imjue marehemu wake."

*

Siku ya kumi gari la ofisi lilisimama Mtaa wa Mabomba. Kasiani alishuka, Wilbroda akashuka nyuma yake na ubao wake wa kuandikia. Walihesabu mikeka. Waliwapanga waombolezaji kwa urefu. Kisha Wilbroda akasoma kwa sauti kwamba kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, Mtani wa Serikali atamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, ili wafarijike.

Kasiani hakuwahi kumwona Nestori hata siku moja. Hilo halikumsumbua. Aliomba koti la marehemu, akaletewa lile la kijivu lenye kiraka cheusi kwenye kiwiko, ambalo Leokadia alilishona kwa mkono wake. Mikono ya koti ilimfika Kasiani kwenye viwiko. Akajinyoosha, akaanza kutembea uani kwa hatua ndefu, kifua mbele, mikono nyuma, kisha akasimama na kuitoa sauti kutoka tumboni.

"Ewe mke wangu! Naondoka nikiwa nimeridhika na utekelezaji! Baki ukilipenda Taifa, na usimsumbue Afisa wa Wilaya!"

Nestori hakuwahi kutamka neno utekelezaji tangu azaliwe. Majirani walitazama chini. Wilbroda alikuwa anamfuata Kasiani hatua kwa hatua, akiandika alichokiona na kukisoma anavyokiandika, kama fomu ilivyomtaka.

"Umbo la marehemu: mrefu. Masharubu: yapo, mazito. Jino: dhahabu, juu kulia. Vazi: koti la kijivu, kiraka kwenye kiwiko." Akamgeukia mjane. "Mama, anafanana?"

Leokadia akautazama ubao wa karani.

"Nikisema hafanani?"

"Basi ni marehemu mwenye utata. Anakwenda kwenye Tume. Tume inakaa mara moja kila robo mwaka, na ya robo hii imeshakaa."

Zilibaki siku nne. Leokadia alimtazama yule mrefu ndani ya koti la mfupi wake, masharubu yametuna kwa kuridhika, akingoja sifa. Alitaka kusema: mume wangu alikuwa anafika hapa, kwenye bega langu, na alikuwa na mwanya ambao nilikuwa naupenda. Lakini Wilbroda alikuwa tayari anautazama uso wake kwa makini.

"Anafanana," akasema.

"Kwa sauti, mama. Na saini."

"Anafanana kabisa."

Akatia saini. Mihuri ikagongwa palepale juu ya boneti la gari, saba kwa jumla. Kasiani alifurahi mno, akatangaza kwamba tangu aingie kazini hajawahi kumwigiza marehemu sawasawa namna ile. Aliondoka na koti mwilini. Mtani amekamata koti, alisema, atalivaa siku ya maziko.

*

Karatasi yenye mihuri saba ilitoka ofisini siku ya kumi na nne asubuhi, na Leokadia alikimbia nayo mpaka mochwari. Alimkuta mhudumu, mzee wa mabuti ya mpira, akisimamia upakiaji wa lori. Kulikuwa na machela saba uani. Moja ilikuwa ya mtu mfupi, na shuka lake halikufika miguuni. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na ukucha. Jembe liliuondoa mwaka ule wa mtaro mkubwa, na Leokadia ndiye aliyekifunga kitambaa.

"Ndiye huyu!" akalia, akaukumbatia mguu ule wa baridi. "Nimefika, Nestori. Nimefika na karatasi."

Mhudumu aliipokea karatasi, akaisoma polepole, akalifunua shuka, akasoma tena.

"Mama, hapa wameandika mrefu."

"Wamekosea."

"Wameandika masharubu. Huyu hana. Wameandika jino la dhahabu." Akamtazama Nestori mdomoni kwa upole. "Huyu ana mwanya."

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na moja! Mimi simjui mume wangu?"

"Naona unamjua. Macho ninayo, mama. Lakini nikimtoa mfupi kwa karatasi ya mrefu, kesho nitalala mimi kwenye machela hiyo." Akamwonyesha mahali pa saini. "Na ni wewe mwenyewe uliyesema anafanana."

"Basi badilisheni karatasi!"

"Ina mihuri saba. Ni rahisi zaidi kumbadilisha mtu." Akainama karibu na sikio lake. "Kunjua uso, mama yangu. Wanaandika kule dirishani."

Hakuukunjua uso. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na mgambo walimng'oa vidole kimoja kimoja kutoka kwenye ule mguu. Lori lilipoondoka lilikuwa na saba nyuma, na Nestori akaandikwa namba kwa chaki. Leokadia alikaa chini kwenye kokoto za lango la mochwari. Alimchukia Kasiani, alimchukia mhudumu, lakini zaidi ya wote alijichukia mwenyewe. Mume alimwomba shimo moja tu, naye alimuuza kwa neno moja, tena kwa sauti.

Mchana alijikokota mpaka ofisini kwa Wilbroda.

"Mume wangu wamempeleka Mtaroni," akasema. "Futa mambo yako. Hakuna wa kuzika tena."

Wilbroda alifungua jalada, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Msiba wako umeshaidhinishwa, mama. Turubai limeshaondoka, na televisheni imeshaalikwa. Ni maziko ya kwanza ya mfano katika wilaya. Kesho saa nne, kule Bonde."

"Mnazika nini?"

"Sanduku," alisema Wilbroda, na hakuwa anatania.

*

Ofisi nzima ilipotafutwa mtu anayejua kushika jembe, hakupatikana. Wakamkumbuka Pangrasi, wakamtoa mahabusu, wakampa kibali cha utani cha siku moja pamoja na jembe lake lililokuwa kielelezo. Alichimba tangu alfajiri kando ya kaburi la mama yake Nestori. Leokadia alipofika alimkuta ndani kabisa, haonekani hata utosi.

"Sanduku ni tupu, mtani," akamwambia kutoka juu. "Wamempeleka kwenye mtaro wake."

Jembe likanyamaza.

"Sasa hili nachimba la nani?"

"La peke yake. Alilitaka la peke yake."

Pangrasi alilia kidogo mle ndani, hilo Leokadia alilisikia, kisha akaendelea kuchimba. Alichimba kama Nestori alivyomfundisha, pande zimenyooka, hakuna pa kukanyaga, na alipita kina cha kawaida, na akazidi kwenda. Alipomaliza alihitaji ngazi kutoka.

Saa nne watu walijaa. Maafisa walikaa kwenye viti vyekundu chini ya turubai, kamera ya televisheni ikawekwa kwenye kichuguu cha udongo, ikirusha moja kwa moja nchi nzima. Sanduku lilifunikwa bendera. Mheshimiwa Kasiani alisimama akiwa amevaa koti la Nestori.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine huzika watu wao. Sisi tumevuka hatua hiyo. Sisi tunawasindikiza! Zamani mfiwa alilia peke yake na majirani zake. Leo halii peke yake, analia na mipango, analia na bajeti, analia na Serikali yake sikivu! Na kwa kuwa Serikali ni Mtani, basi sasa nitafanya kitendo cha kihistoria."

Akashuka kwa ngazi mpaka chini, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani. Kamera ikasogezwa ukingoni.

"Sitoki!" sauti yake ikapanda kutoka shimoni. "Sitoki mpaka nikombolewe!"

Maafisa wakapiga makofi. Pangrasi akaishika ngazi, akaivuta juu, akaitupa nyuma yake.

"Na mimi nimekamata ngazi!"

Watu wakaangua kicheko, na Kasiani mwenyewe akacheka kule chini. Huo ulikuwa utani halali kabisa, na kibali alikuwa nacho.

"Mjane!" akaita Kasiani. "Kuku yuko wapi?"

"Kuku wangu mlishamla, Mheshimiwa," Leokadia akajibu. "Kofia ya marehemu imebaki kituoni, koti umelivaa. Sina kingine cha kukukombolea."

Wilbroda alikuwa ameshika fomu, na fomu haingoji mtu. Sehemu iliyofuata ilisema: marehemu athibitishwe kaburini kabla ya kufukiwa, mfiwa atazame na aseme. Akamwita Leokadia ukingoni, akasoma.

"Mrefu. Masharubu mazito. Jino la dhahabu, juu kulia. Koti la kijivu, kiraka kwenye kiwiko. Mama, tazama vizuri. Anafanana?"

Leokadia alitazama. Chini kule alikuwapo mtu mrefu, jino linang'aa, na kile kiraka alichokishona kwa mkono wake kimegusa udongo wa Bonde ambao Nestori hakuupata. Alimfikiria mfupi wake, saa hiyo yuko na wenzake kwenye mstari, chaki kifuani, katika mtaro usio na kivuli. Hakuna alichoweza kufanya ambacho kingemrudisha. Hakuwa na furaha, na hakuwa na huruma iliyobaki. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa ameulizwa swali ambalo alilijua jibu lake.

"Anafanana," alisema, na safari hii hakungoja kuambiwa apaze sauti. "Anafanana kabisa! Ndiye marehemu. Mihuri saba imesema."

Wilbroda akagonga wa nane.

"Marehemu amethibitishwa," akasoma mstari uliofuata. "Afukiwe."

Pangrasi akachota. Udongo wa kwanza ulimwangukia Kasiani kwenye viatu, naye akacheka kwa sauti kubwa.

"Hodari! Watani hodari hawa!"

Wa pili ukamfika magotini. Kicheko kikawa kifupi. Wa tatu ukatua tumboni, mzito, wa mfinyanzi.

"Basi, basi, inatosha. Leteni ngazi."

Maafisa chini ya turubai wakatazamana. Kumtoa mtani kaburini bila kukombolewa ni kosa, tena kosa la wazi, na kamera ilikuwa inawaka taa nyekundu. Wakafanya walichokizoea: wakacheka mara tatu, wakaacha kwa pamoja.

Kasiani akajaribu kuinuka. Kuta za shimo zilikuwa zimenyooka, mkono ukateleza, udongo wa nne ukamkalisha.

"Ngazi nimesema! Nyie mna wazimu? Wilbroda!"

Wilbroda aliisikia ile sauti. Kwa kuwa hakuwahi kuruka mstari katika maisha yake, alifungua kifungu cha tisa, akapiga magoti ukingoni, akainama na kalamu yake.

"Mheshimiwa," akauliza, "umenuna?"

Leokadia alimwona yule mtu anavyotazama kalamu, kisha kamera, kisha kalamu. Alikuwa anavipanga kichwani: cheo, nyumba, kiinua mgongo. Mwisho akayafuta masharubu udongo kwa mkono wa koti lisilo lake, akatabasamu mpaka jino likaonekana.

"Sijanuna," alisema Kasiani.

Wilbroda akaandika. Pangrasi akamtazama Leokadia, na Leokadia akamwonyesha udongo kwa kidevu. Pangrasi akachota tena.